Mponyaji Hapiti Daraja la Nane

Kitabu cha mchezo kilikuwa cha Kifaransa, na pale mezani mimi peke yangu ndiye niliyeweza kukisoma. Naanza na hilo kwa sababu uchafu wangu wote ulitoka hapo.

Tulikuwa watu watano, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kila Jumapili baada ya ibada. Mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Kila mmoja ana karatasi ya mtu wake wa kubuni, mpiganaji au mwizi au mponyaji, na mkuu wa mchezo, yaani mimi, waliyeniita chef, anaeleza pango limekaaje na zimwi limesimama wapi. Dadu hatukuwa nazo. Tuliandika namba kwenye vifuniko ishirini vya soda, mtu akachota bila kuangalia. Anayefanya vizuri anapata alama, na alama zikitosha anapanda daraja.

Sheria nyingine tulitunga wenyewe. Kitabu kilitoa alama kwa dhahabu. Sisi tulizitoa kwa kuwarudisha wenzako wazima. Na mtu akiitwa intaviu ya kuhamishiwa Ulaya au Amerika, mtu wake wa kwenye karatasi alilala hotelini, na hakuna zimwi la kumgusa mpaka majibu yatoke. Hiyo niliitunga mimi, nikavimba kichwa.

Kati yetu walikuwemo fundi cherehani wa Kinyarwanda na kaka yake. Walikulia kambi za Tanzania, Kifaransa hawakujua hata salamu. Kaka alikuwa na mdomo mtamu. Akisimulia pigo lake, wote walinisahau mimi. Jumapili moja alinikosoa mbele ya watu, nami nikamtumbukiza mpiganaji wake kwenye shimo ambalo dakika moja kabla halikuwepo. Akafa. Mwenyewe alicheka tu. Mwezi uliofuata aliondoka kwenda Afrika Kusini, na simu yake haikupatikana tena.

Dada yake, yule fundi, aliihifadhi karatasi ile ndani ya Biblia. Alikuwa anacheza mponyaji, na niliwahi kuwasomea kwamba mponyaji akifika daraja la tisa anaweza kufufua.

“Siku akipiga simu nitamuambia mutu wake iko muzima,” aliniambia. “Atafurahi sana.”

Mwaka mzima alicheza kwa ajili hiyo, bila kukosa Jumapili hata moja. Siku alama zilipotimia, wivu ulinikaba. Wivu wa mtu ambaye hata hakuwepo! Nilifungua kitabu, nikaweka kidole kwenye mistari inayoeleza bei ya farasi, nikasoma kwa sauti ya padri: mponyaji hapiti daraja la nane.

“Njo vile kimeandika?”

“Njo vile.”

“Lakini mbele ulisema tisa, chef.”

“Nilisoma mubaya.”

Alirudisha karatasi ndani ya Biblia, akasema zikomo, asante ya Kichewa. Hakugomba. Angegomba, ningepata pa kuegemeza hasira yangu. Nilijichukia palepale, lakini si kiasi cha kufungua mdomo.

Miaka ikapita, nikahamia Lilongwe kuuza vitenge pale soko la Tsoka. Siku moja nilimkuta fundi mtaa wa Mchesi, na cherehani yake mlangoni. Kaka yake alikuwa bado hajapiga simu. Nilitamani kupita njia nyingine, ila alinivuta mkono kwa furaha hadi ndani. Alikuwa anawafundisha akina mama wa kanisani mchezo wetu. Nikapewa kiti cha mgeni wa heshima na soda baridi.

Mama mmoja wa Bukavu, mponyaji, akahesabu alama zake, akapiga makofi. Tisa! Mtu wa kubuni wa dada yake alikuwa ameuawa wiki ile, na sasa angemfufua.

“Hapana, mama,” fundi alimwambia kwa upole. “Muponyaji hapite nane. Hata mi nilisimamia pale. Chef mwenyewe njo alinisomea, muulize.”

Wote wakanigeukia.

“Hicho kitabu kiko wapi?” mama wa Bukavu aliniuliza. “Mi nilisoma Kifaransa. Nijionee mwenyewe.”

Nafasi ilikuwa hiyo, na fundi alikuwa ananitazama kwa imani yote.

“Kilipoteaka, mama,” nikasema. “Siku nyingi.”

Kiko nyumbani kwangu, ndani ya sanduku, na ukurasa wa daraja la tisa haujachanika hata kidogo.