Vyuo Viwili vya Udaktari na Mlango Nilioukwepa

Nyinyi wa huko nyumbani mnaniuliza kila siku kwa nini nilikiacha chuo kikubwa cha mjini Sydney nikachagua cha pembeni. Haya, tulieni niwasimulie.

Nilikuwa mhudumu wa majeruhi katika jeshi la Australia mpaka goti likanitoa. Serikali ya hapa huwasomesha askari wake wa zamani, na mimi ilikubali kunilipia udaktari, lakini mara moja tu. Nikianza nikakimbia, basi tena. Vyuo viwili vilinikubali, na jibu langu lilitakiwa Jumatatu. Vitabu havikunitisha. Mwaka wangu wa mwisho jeshini lori letu lilipinduka mazoezini, na mwenzangu akakata roho mikono yangu ikiwa juu ya jeraha lake. Tangu hapo sikuwa nimekaribia maiti, na udaktari huanza na maiti.

Alhamisi asubuhi nilitoka Quakers Hill, ninakoishi na mama, kwenda kukitazama chuo cha mjini. Alinifungia chapati kama mtoto wa shule, akaniambia, "Cha mjini ndicho chuo. Hiki kingine nenda tu usiwavunje moyo."

Mjini nilifika nikabaki mdomo wazi. Kuta za mawe ya manjano, nyasi ambazo unaona vibaya kuzikanyaga, na ndani skrini kubwa yenye moyo unaodunda, unaugeuza kwa kidole mpaka unaona damu inavyopita. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Kisha mwanafunzi aliyekuwa akitutembeza sisi wageni akatufikisha kwenye mlango wa chumba cha miili. Nikaweka simu sikioni nikajifanya nimepigiwa. Hakuna aliyepiga. Askari mzima nikajibanza koridoni hadi wenzangu wakatoka, na nilirudi nyumbani nimejichukia kweli kweli.

Ijumaa, nikielekea chuo cha pili, nikashuka Ingleburn kwa Mama Furaha, rafiki ya mama wa kanisani. Ni mama wa Bukavu, Kongo, alikuja huku kama mkimbizi, na sasa anafanya kazi kwenye ghala. Alinishindilia sombe, yale majani ya muhogo, na bugali, ndio ugali wao, halafu akavaa viatu.

"Twende. Nitakusindikiza kwa hiyo école, hiyo shule yako."

"Mama, utachoka bure."

"Kule wananijua," akasema. Nikadhani ananitania.

Chuo chenyewe ni majengo ya kawaida yaliyozungukwa na magari, na ng'ombe wanaonekana kilimani. Msimamizi wa chumba cha miili, Mwaustralia wa makamo, alimsalimia Mama Furaha kwa jina. Akatupeleka mpaka mlangoni, na mimi nikaganda pale pale. Aliniona. Akaniambia taratibu kwamba waliomo ndani hawakuokotwa popote. Kila mmoja aliamua akiwa hai na akili zake kuutoa mwili wake usomewe, akaieleza familia yake. "Na rafiki yako naye ameamua," akasema.

Nikamgeukia Mama Furaha. "Wewe?"

"Ndiyo. Nikikufa, nitakuja hapa."

"Na watoto?"

"Mukubwa alilia sana. Nikamwambia, baba yangu na kaka zangu vita iliwameza, mpaka leo hatujue walilala wapi. Mie mutajua. Kila mwaka hapa wanafanya ibada ya kuwashukuru, mutakuja. Na kisha nitakuwa nafundisha kidogo. Mie sikumaliza hata primaire."

Miaka yote nilimwona maiti kuwa mtu niliyeshindwa kumwokoa. Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kujitoa hivyo, kwa hiari, kwa ajili ya mgeni asiyemjua.

Msimamizi akaeleza kwamba siku ya kwanza wanafunzi husimama wakataja majina yao kabla ya kugusa chochote. Akafungua mlango. Nikasikia mdomo wangu ukisema hodi. Nyuma yangu Mama Furaha akaitikia, "Karibu."

Niliingia. Chumba kilikuwa baridi, shuka nyeupe, kimya. Mkono wa bibi mmoja ulikuwa nje ya shuka, kucha zimekatwa vizuri. Nikataja jina langu. Sikutoka mpaka nilipoambiwa muda umekwisha.

Jioni nikapanda treni kurudi Quakers Hill nikiwa nimeshaamua. Niliyoyaona mjini yalinishangaza macho, na bado nayasifu. Ila nilijifunza kwamba shule ni mtu aliyekubali kukufundisha, na wa kwangu nilikuwa nimempata.

Mama hakufurahi. "Na huko walimu ni akina nani?"

"Mmoja ni Mama Furaha."

"Huyu wetu wa kanisani? Anafundisha nini?"

Nikamweleza yote, hata la lori, ambalo sikuwa nimemweleza. Akaketi. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Basi nenda," akasema. "Na tumwombee achelewe sana kuanza kazi."