Boflo la Tangawizi la Siku Tatu

Enzi zetu keki haikuliwa siku iliyookwa. Wenzangu mliokulia Maskati miaka ya tisini, shuleni Kiarabu na jikoni Kiswahili, labda kwenu haikuwa hivyo. Kwetu Al-Khuwair amri ya jikoni ilikuwa ya Bibi Shamsa, mama yake baba, naye alikuwa na keki moja tu aliyoiheshimu: boflo la tangawizi.

Alijifunza Unguja alipokuwa msichana, katika darasa la mapishi la mwalimu Mwingereza. Alikaa dawati moja na mdogo wake, Zuwena. Mwalimu yule aliwafundisha kwamba boflo hili likitoka jikoni hufungwa kwenye karatasi, likawekwa kabatini siku tatu, ndipo likakatwa. Hapo huwa limelainika, linanata vidoleni, na tangawizi inawasha taratibu. Lakini sisi watoto tuliteseka! Tunarudi kutoka kucheza rede uchochoroni, jua limetuchoma mpaka masikio, nyumba nzima inanukia tangawizi na mdalasini, na ufunguo wa kabati umefungwa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Wanangu leo keki ikichelewa dakika kumi wanauliza kama jiko limeharibika.

Mkebe wa kuokea alikunjiwa na fundi mmoja wa mtaa wa Ghala, mtengenezaji wa mabomba ya bati ya kupitishia hewa. Alipoambiwa ni wa keki alicheka sana, lakini aliukunja vizuri na haukuvuja hata siku moja. Ile shira nyeusi ya kopo waliyotumia Unguja haikuonekana madukani kwetu, basi Bibi akatumia dibsi, yaani asali ya tende, tuliyoletewa na jamaa zetu wa Nizwa kwenye chupa isiyo na karatasi ya jina. Ndani ya friji chupa hiyo ilikaa bega kwa bega na nyingine kama hiyo hiyo, ya ukwaju uliochemshwa ukawa mzito, wa kutilia urojo na mchuzi wa samaki. Zote mbili nyeusi tititi.

Nilikuwa darasa la tano zilipokuja habari kwamba Bibi Zuwena anakuja kututembelea. Bibi alikuwa amehamia Oman, mdogo wake akabaki Unguja, na hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini. Wiki nzima Bibi hakuwa na maneno mengine ila boflo.

"Nataka alionje tu," alisema. "Ajue kuwa mie sijasahau kitu."

Macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpa vitu. Aliponiomba dibsi, sebuleni katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu zilikuwa zinaanza, na mguu wangu mmoja ulishatoka nje ya mlango. Nikachukua chupa, nikampa. Akamimina. Unga ukafura na kutoa povu.

"Magadi ya siku hizi makali," alisema, akautia mkebe ndani ya jiko akaenda kusali.

Katuni zilipokwisha nilirudi kuramba mwiko, kama ilivyokuwa desturi yangu. Ulikuwa mchachu. Nilielewa pale pale, nikaogopa, na sikusema.

Sijawahi kuona siku tatu ndefu kama zile. Kila nikipita karibu na kabati naharakisha mwendo. Siku ya tatu mgeni akafika, wakakumbatiana na kulia mpaka baba naye akageukia ukutani. Kisha Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa boflo kabatini, akakata. Akatafuna. Nikamwona anaacha kutafuna.

"Nimesahau, Zuwena," alisema polepole. "Mkono wangu ushasahau."

"Tamu, Da Shamsa. Hebu niongeze."

Akala vipande viwili bila kukunja uso.

Hasara ikawa kubwa kuliko boflo. Wiki mbili za ziara hiyo walikaa barazani wakikumbushana nyumba za jirani na majina ya wasichana wa darasani, na kila Bibi alipojibu alisita. "Au na hilo pia nimesahau?" Mwanamke aliyekuwa akitutajia ukoo mzima hadi babu wa saba, sasa hakuamini kichwa chake. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo, nami nilijichukia.

Asubuhi ya safari ya Bibi Zuwena nilimfuata Bibi jikoni, nikamwambia kila kitu huku makamasi yananitoka. Nikangoja kofi.

"Ukwaju!" alisema. Kisha akapaza sauti. "Zuwena! Umekula ukwaju vipande viwili!"

"Nami ningefanyaje, na weye ulikuwa wataka kulia?" ilijibu sauti kutoka chumbani.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Bibi akanigeukia. "Lete dibsi. Na leo uonje kwanza."

Walilipika pamoja, yule anachunga unga, huyu anakoroga, hakuna aliyemuuliza mwenzake kipimo. Ndege ilikuwa alasiri. Boflo lilifungwa likiwa la moto na kutiwa mkobani mwa Bibi Zuwena, nasi hatukupata hata chembe.

"Usilifungue mpaka siku ya tatu," Bibi alimwambia uwanjani.

Siku ya tatu simu ikalia. Bibi akatunyamazisha wote, nami nikabana sikio langu kando ya lake. Nilisikia karatasi inafunguliwa, kisha mtu anatafuna.

"Hili ndilo, Da Shamsa," ilisema sauti. "Hili hasa."

Bibi akajifuta macho kwa kanga. Hawakuonana tena.

Sasa naishi Mabela, hapa hapa Maskati, na nna jiko lenye kioo na taa. Wanangu hulipiga boflo picha kabla halijapoa, wenzao wa Unguja wakaliona hapo hapo, na likifika siku ya tatu limeshaliwa. Siku hizi naoka mawili: moja lao, moja langu. Huonja dibsi kwa kidole kwanza, nikalifunga langu, nikaficha ufunguo. Siku ya tatu hukata kipande, nikaketi karibu na simu nikitafuna, ingawa najua hakuna wa kusikiliza upande wa pili.