Mguu wa Chelewa

Juzi Kariakoo, nikichagua viatu vya shule, nilimsikia muuzaji, mama wa makamo, akimuuliza baba mmoja namba ya mguu wa mwanawe.

"Namba siijui," alisema, akitoa mfukoni kipande cha chelewa ya ufagio. "Mguu wake ndio huu."

Mama akakiingiza kiatuni. Kikaenea sawasawa. Lakini kiatu hakukifunga kwenye karatasi.

"Ulimpima lini?"

"Mwaka jana, nilipompeleka kwa bibi yake."

Mama akachukua kiatu kikubwa zaidi. "Kijiti hakikui, baba."

Baba akakitazama kile kijiti, akakirudisha mfukoni taratibu.

Wanasayansi huhangaika kupata kipimo kisichobadilika hata kidogo. Yule baba alikaa nacho mwaka mzima, na sijaona mtu aliyeumizwa na usahihi kama yeye.