Soji ya Mama Emilienne

Mama Emilienne alivuka Ziwa Mweru mwaka 1998 akikimbia vita, na kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga kitawi kibichi cha soji, jani ambalo alilitunza miaka kumi katika bustani ya masista huko ng'ambo, Congo. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, nyuma ya chumba cha kupanga, aliinua tuta la mchanga wa ufukweni, kwa sababu soji haipendi mizizi yake ilowe. Mwaka uliofuata kikawa kichaka cha majani ya kijivu yenye manyoya laini. Aliyatia tumboni mwa samaki kabla ya kukaanga. Aliyachemsha kutibu koo.

Jirani yake Matildah alikuwa akinyonyesha. Alipokohoa wiki nzima, Emilienne alimpa fungu la majani makavu, achemshe asubuhi na jioni. Kikohozi kikaisha. Siku ya nane maziwa nayo yakaisha.

Habari zilifika bombani kabla ya ndoo ya Emilienne. Mmoja wa wanawake, Dorica, akauliza, "Mama Congo, leo unamunywesha nani?" Hakuna aliyecheka.

Alirudi bila maji. Alijua yanayompata mwanamke akishaitwa mulozi, yaani mchawi: huchomwa nyumba kwanza. Na sisi majirani tuliosoma tulikuwa wapi? Tulikaa ndani na redio zetu, tukingoja wengine wachome.

Hapo ndipo alipokumbuka, na hofu ikazidi. Masista waliwapa soji akina mama waliotaka kuachisha watoto ziwa, ili maziwa yakauke. Aliliona hilo kwa macho yake, akalisahau.

Boti la ng'ambo lilikuwa bado ufukweni. Lakini fungu lilikuwa jikoni kwa Matildah, na Matildah alikuwa bado anakunywa.

Akavuka uwanja. Rodwell, mume wa Matildah, alikaa mlangoni, panga kando ya mguu.

"Ba Rodwell, haiko bulozi. Ni majani yangu inakausha maziwa. Nilijua, nikasahau. Asikunywe tena. Mutoto anyonye, hata kama hakuna kitu, anyonye tu."

"Na maziwa isiporudi?"

"Niko pale kwangu. Sitakimbia."

Rodwell alichukua panga. Alikwenda nyuma ya chumba cha Emilienne akafyeka kichaka chote. Emilienne alisimama nyuma yake akisikia kila pigo kama liko shingoni mwake.

Siku nne alikaa amevaa viatu, mlango wazi, masikio yakifuata kila hatua njiani. Siku ya tano hatua zikaingia uani. Alikuwa Matildah, na mtoto mgongoni amelala, midomo ina maziwa.

"Yaya, dada yangu, vua viatu," alisema.

Soji ilichipua tena. Lakini tangu siku ile Emilienne hampi mtu jani kabla ya kumuuliza kama ananyonyesha. Rodwell alipokuja na koo lake, naye aliulizwa. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Emilienne alisubiri jibu.