Arudi Darasa

Kabla sijaoa nilikuwa napiga pasi Kisumu, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu. Watu wake walitoka pwani zamani, yeye mwenyewe bahari hajawahi kuiona. Pasi ilikuwa ya makaa, na mkono wangu ulikuwa mzuri, hilo nalisema bila haya. Kiswahili ndicho kilichonishinda. Changu kilikuwa cha kuokota sokoni. Siku moja nilinyoosha suruali ya bwana mmoja wa Milimani, mstari wa mbele ukatoka miwili kama reli. Fundi akaitazama, akaiweka mezani, akasema, "Rudia."

Mimi nikasikia rudi. Nikaweka pasi chini, nikamuaga hata mteja aliyekuwa akingoja, nikarudi kwetu Nyakach. Siku nne nilikaa nikimsema yule mzee vibaya mbele ya mama yangu. Siku ya tano fundi akatuma mtu kuuliza kama nimefiwa. Nilipoingia dukani alicheka mpaka akakalia kimto chake cha pini, na tangu hapo kila mteja aliambiwa, "Huyu usimwambie rudia, anapanda gari."

Alinifundisha mengi. Hakupenda jinsi sisi tunavyokata mikia ya maneno. Kwetu mtu anasema nimeenda soko, mtoto ako shule. Yeye alitaka sokoni, shuleni. "Ile -ni ya mwisho umeila wapi?" alikuwa akiniuliza. Nilidhani ni maringo ya watu wa kanzu. Alinishonea kofia ya kijivu nilipooa, na hata siku hiyo alinisahihisha. Ningemsikiliza, mjukuu wangu asingepata taabu aliyoipata. Huko ndiko ninakokwenda, nivumilieni.

Mjukuu huyu ni msichana, mtoto wa binti yangu. Mama yake anauza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu, anakuja Jumamosi. Msichana na mdogo wake wa kiume wanakaa na mimi, si mbali na Katito. Huyo mama yake naye alikuwa na kichwa. Lakini alipofika darasa la sita walimu walimrudisha mwaka, akakalishwa na watoto aliokuwa akiwabeba mgongoni. Siku ya tatu aliweka daftari juu ya kabati, akaenda ufuoni kuanika omena. Hakuna aliyemfukuza. Kwa hiyo mambo ya kurudia darasa mimi siyapendi, na kwetu kila mtu anajua.

Basi mvua ikaja, maji yakaingia nyumbani mpaka kitandani, tukahamia kanisani na blanketi zetu. Msichana alikuwa Gredi ya Nne. Alikosa muhula mzima. Maji yalipotoka nilimshika mkono tukaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka mtoto arudi darasa. Maana yangu ilikuwa aingie, aketi, aendelee na wenzake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikashangaa, nani atakosa hakika juu ya jambo kama hilo? Akafurahi, akaandika barua yeye mwenyewe, akanionyesha pa kutia sahihi. Sahihi ninayo, herufi tatu na mkia. Nikatia. Msichana akaingia darasani siku hiyo hiyo, na kesho yake nikampelekea naibu mayai sita.

Nayalilia yale mayai mpaka leo.

Januari wenzake walihamia Gredi ya Tano. Yeye akaambiwa abaki Nne. Mdogo wake akapanda kutoka Tatu, wakawekwa dawati moja. Jioni hiyo, tukila, yule mdogo akamwita klasmeti. Nikamtoa nje akale na kuku. Msichana hakulia. Aliniuliza tu, omena huanikwa siku ngapi hadi ikauke.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa naibu, msichana ubavuni. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. "Mzee, shule hairudishi mtoto. Serikali imekataza. Anayeomba ni mzazi, na wewe uliomba." Akatoa barua. Nikasema nimesahau miwani. Miwani sijawahi kuwa nayo, na ningekuwa nayo isingenisaidia. Nikampa msichana. Akasoma bila kukwama mahali: mimi, mlezi wa mwanafunzi huyu, naomba arudie Gredi ya Nne. Kisha akainua macho.

"Kwara," aliniambia, na ndivyo mtoto anavyomwita babu yake kwetu, "si arudi. Ni arudie."

Naibu akatazama dirishani. Sijui kama siku ile alisikia vibaya au alisikia alichokitaka. Mtoto aliyekosa muhula huwatia walimu wasiwasi wa alama. Nikamwuliza, mtoto anayeiona herufi moja niliyoshindwa kuiona mimi, anarudia nini? Akasema majina yameshaingia kwenye kompyuta, na neno la siri liko kwa mwalimu mkuu. Nirudi Jumatatu.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni Kisumu. Alhamisi stima ilipotea, kompyuta haikuwaka. Jumatatu iliyofuata neno la siri lilikataa. Wakati huo wote msichana anaandika yale yale aliyoyaandika mwaka jana. Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mpole, alinikuta kwenye bomba la maji akaniambia mtoto alikuwa akijibu kabla swali halijaisha, akaambiwa awaachie wengine, na sasa hanyooshi mkono kabisa. "Ameanza kunyamaza, Mzee." Akaniambia pia, huku akiangalia nyuma, kwamba kuna shule upande wa barabara ya Kendu Bay ambako mtoto anapewa ukurasa asome, anawekwa kwenye darasa analoliweza.

Nilikwenda mara moja zaidi. Mwalimu mkuu alikuwepo. Nikaweka ile kofia yangu ya kijivu kwenye kiti cha pembeni, nikamweleza yote, mafuriko, barua, hata suruali ya Milimani, maana mimi nikianza siwezi kuruka. Alicheka vizuri sana kwenye suruali. Nikadhani tumemaliza. Kisha akafunga faili, akasema mwaka mmoja si kitu, mtoto atapata msingi.

"Acha arudie tu, Mzee. Wewe utarudi mwakani tuone."

Safari hiyo niliyasikia yote mawili vizuri. Msichana alikuwa amesimama mlangoni, ameshika begi kifuani, anatazama sakafu. Nikainuka. Sikumuaga. Nikachukua begi, tukapita langoni, tukashika barabara ya Kendu Bay.

Tulipofika kwenye daraja msichana akaniambia nimesahau kofia. Nikamwambia atembee. Iko huko mpaka leo.