Pumzi Ndani ya Kengele ya Tisa

Fundi kengele hakuwahi kukaa darasani, lakini shule nyingi zilifunguliwa asubuhi kwa kazi ya mikono yake. Kengele za shule, za milango, za shingo za ng'ombe, zote zilitoka kwenye karakana ya chumba kimoja nyuma ya nyumba, tanuri kona hii, benchi kona ile. Watu walimwita Mzee Kimya. Ukimsalimu asubuhi, akakujibu kabla ya saa sita, una bahati.

Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Walijuana kwa ugomvi. Wakati huo yeye ni msichana tu, alirudisha kengele ya mlango aliyotumwa kununua, akaitua juu ya benchi.

"Fundi, hii inalia puani. Ina mafua."

Fundi alikasirika. Akaigonga, akasikiliza. Kweli, ilikuwa na mafua. Akamuuliza ugonjwa uko wapi. Msichana akaingiza kidole ndani ya mdomo wa kengele, akasema hapa. Fundi akapitisha tupa pale, unga wa shaba ukadondoka kidogo, kengele ikapona. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Tangu hapo kazi ikagawanyika. Mume huyeyusha shaba na bati, humimina kwenye kalibu, hupiga tupa. Mke hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, husikiliza. Fundi akigonga, sauti hutoka, hutembea, hupungua, mpaka inakuwa uzi. Uzi ukikatika, mke husema, "Haya." Hapo ndipo mume hugonga tena. Hakuna kugonga juu ya sauti iliyo hai; utachanganya ya kwanza na ya pili, usijue kasoro iko wapi. Miaka arobaini na mmoja, haya, haya, haya.

Fundi hakujua kwamba masikio yake yalikuwa yanapoteza nguvu. Tanuri na nyundo humla mtu taratibu. Uzi wa sauti ulianza kumkatikia mapema, mwaka huu kidogo, mwaka ule zaidi, lakini haya ya mkewe ilikuwa inamngoja palepale, naye akadhani anasikia mwenyewe. Mkewe alijua. Hakumwambia.

Ndipo akaja mrekodi, mwanamke kijana mwenye begi lililojaa nyaya. Kazi yake ilikuwa kurekodi sauti za kengele, kampuni yake izikodishe kwa watu wa filamu, wa redio, wa muziki, wa simu. Kila anayezitumia huchukua leseni.

"Mwanangu, watu wanakodi sauti?" mke wa fundi aliuliza.

"Wanakodi, mama. Mtu akitaka kengele ya shule kwenye filamu yake, hana haja ya kutafuta shule."

"Na ya ng'ombe?"

"Hata ya ng'ombe."

"Mzee, umesikia? Ng'ombe wako watapita mitaani bila miguu."

Walitundika mablanketi madirishani. Saa ya ukutani ikahamishiwa jikoni, friji ikazimwa. Mke akaenda kwa fundi cherehani wa jirani, kumwomba asimamishe mashine mpaka mchana.

"Mnarekodi kengele au mnarekodi kimya?" jirani aliuliza.

"Vyote viwili."

"Basi hicho kimya kiandikeni jina langu."

Kengele kumi na nne zilipangwa juu ya benchi. Kila moja ilitakiwa kugongwa polepole, kisha wastani, kisha kwa nguvu, kwa nyundo ya mbao na kwa nyundo ya chuma, na kila mara ingojewe mpaka uzi ukatike. Na kila uzi ulipokatika, kutoka mlangoni, "Haya."

Mrekodi alivua hedifoni. "Samahani, mama. Haya yako inaingia."

"Inaingia wapi?"

"Kwenye mashine."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kengele iliyofuata, haya.

"Mama."

"Imetoka yenyewe, mwanangu."

Mrekodi akacheka. Akasema haidhuru, neno linakuja baada ya sauti kwisha, atalikata ofisini. Lakini fundi hakucheka. Siku ile alikuwa amevaa shati la kutokea. Alitaka kazi yake iende duniani ikiwa safi. Kwenye kengele ya tisa, sauti ilipokuwa uzi, akageuka, akamwona mkewe anafungua mdomo. Akamnyooshea nyundo. Si kwa kumtisha. Alimnyooshea tu, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Mkewe akafunga mdomo. Akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje kibarazani kuchambua maharage. Kengele tano zilizobaki zilirekodiwa bila yeye.

Jioni alimwandalia mumewe chakula kama kawaida. "Leo umekipata," alimwambia.

"Nini?"

"Kimya."

Alisema bila hasira. Fundi akaendelea kula. Ndivyo alivyokuwa, na mkewe alimzoea.

Kesho yake mrekodi alikuja na mkataba, akamsomea. Kila kilichorekodiwa siku ile, kizuri na kibovu, ni mali ya kampuni. Fundi akaweka dole gumba.

Miezi saba baadaye mkewe aliugua siku nne, ya tano akafariki. Tanuri halikuwashwa tena. Fundi aligonga kengele moja tu baada ya mazishi, ile ya tisa, akangoja kuambiwa agonge tena. Alipochoka kungoja, akaifunika kwa gunia.

Mrekodi alirudi mvua zilipokwisha. Hakuwa na habari.

"Shikamoo, baba. Mama yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ametoka?"

 Mrekodi akaona kigoda kimewekwa juu ya kabati, miguu juu, akaelewa. Akaweka begi chini. "Pole, baba. Pole sana."

Kilichomleta ni malalamiko. Mteja mmoja aliyechukua leseni ya kengele ya tisa aliona kuna uchafu mwishoni mwa sauti, hivyo ofisi ilitaka kengele ile irekodiwe upya.

Mzee alikuwa anawaza jambo jingine. "Zile haya zake umeziweka wapi?"

"Nilizikata, baba."

"Ulipozikata, ukaziweka wapi?"

Mrekodi alitazama mikono yake. "Vinavyokatwa hatuvihifadhi. Nisamehe. Ningejua..."

Mzee akatikisa kichwa. Mrekodi, kwa kukosa la kufanya, akamvisha hedifoni ili amwonyeshe huo uchafu. Akaongeza sauti.

Kengele ikalia. Ikatembea, ikapungua, ikawa uzi. Uzi ukaendelea. Mzee alishika benchi. Miaka mingi hakuwa amesikia uzi mrefu namna ile. Hapo ndipo alipojua ni kiasi gani mkewe alikuwa akimsikilizia. Na ndani ya uzi, kabla haujakatika, kitu. Mtu anavuta pumzi. Kisha basi.

"Nadhani ni upepo," mrekodi alisema.

"Si upepo."

"Ni nini?"

"Rudia."

Akarudia. Mara tano. Ya sita mzee akavua hedifoni mwenyewe, akaziweka juu ya meza taratibu kama kitu chenye moto.

"Alitaka kusema haya," alisema. "Nikamnyooshea nyundo. Akaimeza."

 Nje cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda, hakuna aliyetoka kuinyamazisha.

"Tukirekodi upya," mzee aliuliza, "hii inakwenda wapi?"

"Inafutwa."

"Usiifute. Hiyo mbovu nipe mimi."

"Baba, si yangu. Mkataba unasema hata kibovu ni cha kampuni." Akafikiri, akafungua kompyuta. "Lakini kila anayetaka kutumia huchukua leseni. Na wewe chukua. Ukiwa nayo, hawataifuta."

Akaanza kujaza fomu, akimsomea. Jina, akaandika. Sauti, kengele ya tisa, ya zamani.

"Matumizi? Wengine huandika filamu, tangazo, mlio wa simu."

"Kusikiliza."

Akaandika kusikiliza. "Kwa muda gani?"

"Nina miaka sabini na sita. Weka unaotosha."

Mrekodi akaandika maisha. Mzee akaweka dole gumba.

Kisha wakatundika mablanketi, mrekodi akaenda mwenyewe kumwomba jirani. Mzee akafunua kengele ya tisa, akaigonga. Mrekodi alisikiliza mpaka uzi ukakatika, akainua kidole kumwashiria agonge tena. Mzee hakukiona. Alikuwa ametazama mlangoni, nyundo mkononi. Mrekodi alilazimika kumgusa bega, na ikawa hivyo kila mara, polepole, wastani na kwa nguvu, mpaka kazi ikaisha. Ilitoka safi, haina kitu ndani.

Mrekodi alimwekea ile mbovu kwenye simu ya mzee, akamwonyesha pa kubonyeza, akaondoka na hedifoni zake. Mzee akabonyeza. Akaibana simu sikioni. Kengele ililia, uzi ukaanza, ukamkatikia mapema. Hakuna pumzi. Akabonyeza tena. Hakuna. Siku tatu alijaribu, sikio la kulia, sikio la kushoto.

Jumamosi akaja mwanawe wa mwisho, muuguzi, kumfulia na kumpikia. Mzee akampa simu kabla hajakaa.

"Sikiliza mwisho."

"Ni kengele, baba."

"Ndani, mwishoni."

Akasikiliza kwa kufumba macho. Kitambo. Kisha uso wake ukabadilika. "Ipo," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mama?"

"Ikoje?"

"Fupi. Kama mtu anayetaka kusema neno."

"Rudia."

Akarudia. Safari hii mzee hakutega sikio. Alimtazama mwanawe usoni, maana mahali ambapo sikio lake halikufika, uso ule ulifika. Akangoja. Uso ulipotikisika, mzee akainama mbele.

"Sema," alisema.

Mwanawe akafumbua macho. "Niseme nini, baba?"

Mzee akabonyeza tena, akamtazama mdomo, akingoja ile haya.