Kipsang na Kibuyu Alichokirudisha

Kitendawili kwako, msomaji, na usikimbilie kujibu. Wawili hutoka nyumbani pamoja. Mmoja asiposhiba hakimbii, mwingine akishiba habebwi. Ni nani hao?

Umeshindwa? Basi njoo Njoro, kwenye banda la farasi, ukungu ungali umelala juu ya ngano.

Ni saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya mashindano. Kipsang anakoroga pumba kwa maji moto, anatia chumvi na sukari guru. Farasi jike mwekundu anagonga mlango kwa kwato, ameisikia harufu. Kipsang yeye anageuza uso na kumeza mate machungu. Kidonge chake ameshakimeza.

"Leo hata farasi anakuonea huruma," anamtania Makokha, saisi anayetunza farasi hapa bandani. "Yeye pumba, wewe mate."

"Nyamaza, Makokha. Ukinichekesha nitatapika."

Kipsang ndiye mpanda farasi wa shamba hili. Kwenye mizani ya uwanja wa Nakuru hatakiwi kuzidi ratili mia moja na kumi na tano. Ujanani uzito huo ulikuwa wake bila kuutafuta. Mwaka huu wa 1956 ni baba wa watoto wanne, na tangu mwaka jana mwili nao umeamua kuwa wa baba. Akizidi, anarudi kuwa saisi kwa nusu ya mshahara. Na nusu inayopotea ndiyo karo ya Jonah, kifungua mimba wake.

Kwa hiyo bwana mwenye farasi alipomletea chupa ya vidonge vyeupe vya kuua hamu ya chakula, aliipokea kwa mikono miwili.

"Njaa ilienda kweli," anasema. "Lakini haikuenda peke yake. Ilienda na usingizi, ikaniachia tumbo gumu kama jiwe, halafu kichefuchefu. Moshi wa jikoni tu ulinitoa nje."

Hiram, dresa wa zahanati ya shamba, alimkaripia. "Unameza dawa juu ya tumbo tupu, unategemea nini?" Akamwelekeza namna ya kuishi nayo: uji mwepesi wa wimbi kwanza, kisha kula kidogo kidogo, maji mengi, tangawizi ya kutafuna, na siku ya kidonge asiguse mafuta wala maziwa makali. "Na moyo ukianza kwenda mbio, uache kabisa. Huko kaburini hakuna farasi."

Hayo ya tumbo Kipsang aliyazoea. Kuna lingine hajalizoea.

Desemba iliyopita Jonah alitoka jandoni. Mzee Kiprugut, baba yake Kipsang, alikuja kwa miguu kutoka Londiani, kibuyu cha mursik begani, maziwa yaliyolazwa kwa ajili ya siku hiyo. Mbele ya wazee wenzake akaonja, kisha akampa mwanawe.

Mashindano yalikuwa kesho yake, na kidonge alikuwa ameshakimeza. Kibuyu kilipofika puani, tumbo la Kipsang likapanda. Alikirudisha mikononi mwa mzee, akaziba mdomo, akatoka mbio.

Aliporudi, wazee wote walikuwa wakimtazama.

"Kipsang," mzee akauliza polepole, "ni mimi ninayekuchefua?"

Angesemaje mbele ya wazee kwamba mwanamume mzima anameza dawa ili akonde? Mzee akafunga kibuyu, akajitanda blanketi, akaondoka kabla nyama haijaiva. Hajakanyaga tena nyumba ya mwanawe.

"Kesho yake nilishinda," Kipsang anasema. "Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nasikia lile swali tu."

Chepkemboi, mkewe, anaguna. "Kila wiki namwambia, Baba Jonah, nenda kamwambie mzee. Ananijibu, baada ya mashindano. Kwani mashindano huwa yanaisha?"

Mchana, mizani ya Nakuru inamkubali Kipsang. Mwili ndio unakataa. Kwenye kona ya mwisho macho yanaingia giza, anakumbatia shingo ya farasi asianguke, na wenzake wote wanampita. Jioni anamrudishia bwana chupa ikiwa na vidonge vilivyobaki. Bwana anaipokea, anaomba na kofia ya mashindano.

"Nitashika hatamu, wengine wapande," anasema Kipsang, akisugua mgongo wa farasi taratibu kuliko kawaida. "Chepkemboi ana viazi shambani. Tukipata mvua, Jonah atasoma. Tandiko nitalikumbuka, siwezi kudanganya."

Jumapili yuko Londiani. Mzee Kiprugut anapukuchua mahindi nje ya nyumba, hainui kichwa.

"Umepotea njia?"

"Hapana, Mzee. Kile kibuyu kiko wapi?"

"Kiko ukutani. Kimekauka. Nilazie nani maziwa?"

Kipsang anaketi chini, anavuta hindi, anaanza kupukuchua naye. Punje zinaangukia kwenye ungo. Mzee ameanza kutetemeka vidole. Desemba havikuwa hivyo, au Kipsang hakuviangalia.

"Baba, uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza."

"Si wewe. Ilikuwa dawa ya kunikondesha, nisipoteze tandiko. Niliona aibu kukwambia, nikakuacha uende na njaa."

Mzee anaweka hindi chini, anaingia ndani, anatoka na kile kibuyu na kumpa mwanawe: "Kaoshe, nilaze maziwa."